Kuchoma nyika kwa ajili ya ndege: ugomvi wa Waingereza na sentensi moja ya TFC yangu

Andiko la leo ni refu, tafuteni kiti.

Mwezi wa kumi 2023, mdogo wangu mmoja anayeishi Sheffield, kule Uingereza, alinitumia odio ya WhatsApp. Alikuwa anacheka na kukohoa pamoja. "Yaya, huku nako banachoma pori! Moshi imejaa mu mji mzima, tumefunga madirisha. Nilifikiri niko Lubumbashi mwezi wa nane." Nikamjibu kwamba ananidanganya. Akanitumia video: mji mkubwa wa Wazungu, majumba, magari, na juu yake ukungu wa rangi ya kahawia ambao hata mtoto wa kwetu angeujua ni wa nini.

Mimi odio ile ilinigusa kwa sababu yangu. Mwaka ule ule nilikuwa nimemaliza TFC yangu ya agronomia, juu ya moto wa pori upande wa Kasenga. Ukurasa wa kwanza niliandika sentensi moja ambayo mwalimu wangu aliipenda sana: kwamba mkulima anachoma pori kwa sababu ya kukosa elimu. Babu yangu ni mmoja wa hao wakulima. Sikumwambia nimeandika nini. Na sikuandika kwamba miaka miwili mbele ya hapo, watu waliojitambulisha kuwa ni watu wa mazingira walimkuta pembeni ya pori lililoungua, wakamwandikia amandi ambayo risiti yake hatujaiona mpaka leo. Mbuzi wawili wakaenda.

Sasa nasikia kwamba Uingereza kuna watu wanachoma milima kila mwaka, kwa kalenda, kwa sheria, na hakuna anayewaita wajinga. Wanaitwa wasimamizi wa ardhi. Nikasema: njo hii. Nitaandika andiko kali juu ya unafiki wa Wazungu. Nikaanza kusoma ili nipate silaha, na kadiri nilivyosoma, ile silaha ikaanza kunigeukia. Niwaeleze niliyoyakuta.

Tuanze na majani yenyewe. Kwenye milima ya kaskazini ya Uingereza na sehemu kubwa ya Skotlandi ya juu, kuna mmea mfupi wa kichaka, unakufikia magotini, majani yake madogo kabisa, na mwezi wa nane unatoa maua ya zambarau mpaka mlima mzima unageuka rangi. Kwa Kifaransa tunauita briyeri. Wale waliopanda Nyiragongo ao Ruwenzori wameona ndugu zake wakubwa, ile miti yenye ndevu inayosimama ndani ya ukungu. Ni jamaa moja, ila huko kwa Waingereza imebaki fupi.

Ndani ya briyeri anaishi ndege anayeitwa grausi mwekundu. Ni mnene kama kware wetu, rangi ya kutu, anaruka chini chini kwa kasi kubwa. Hapatikani kwingine duniani isipokuwa kwenye visiwa vya Uingereza na Ayalandi. Ndege wengine wa kuwindwa kule wanazalishwa kwenye vizimba kwa maelfu halafu wanaachiliwa, lakini grausi ni wa pori. Kwa hiyo mwenye mlima akitaka grausi wengi, kazi yake ni kulitengeneza pori lenyewe limpendeze ndege.

Na ndege huyu anapenda vitu viwili ambavyo havikai pamoja. Anakula ncha changa za briyeri, zile zinazochipuka baada ya moto. Lakini anajificha na kutaga ndani ya briyeri iliyokomaa, ndefu, nzito. Mlima wote ukiwa mchanga, hana pa kujificha. Mlima wote ukizeeka, chakula kinakuwa miti mitupu. Dawa yake ni kuchoma vipande vidogo vidogo, hapa mwaka huu, pale mwaka ujao, na kurudi kwenye kipande kile kile baada ya miaka 10, 15 ao zaidi. Ukitazama picha zilizopigwa kutoka juu, milima ile inafanana na nguo ya viraka.

Hawachomi ovyo. Kwenye milima ya Uingereza msimu ni kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi mpaka tarehe 15 mwezi wa nne, wakati ardhi imelowa na ndege wengi hawajaanza kutaga. Wanangoja siku kavu yenye upepo wa kiasi. Wanasimama watu kadhaa na vipigio vya kuzimia moto, wanaongoza ukanda mwembamba, moto unapita haraka juu ya udongo uliolowa, unakula vijiti vya juu na kuacha chini mizizi na mbegu. Wao wanauita moto baridi. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Wachungaji wa kondoo kule walichoma tangu zamani sana. Lakini huu mtindo wa viraka ni wa karne ya 19. Zilikuja bunduki za kujazwa risasi kwa nyuma, ambazo mtu anaweza kupiga haraka haraka. Yakaja matreni ya kumpeleka tajiri wa London mpaka Skotlandi. Malkia Victoria na mume wake wakanunua Balmoral mwaka 1852, na kila mwenye pesa akataka mlima wake. Sheria ya mawindo ya 1831 ilikuwa tayari imepanga msimu wa grausi uanze tarehe 12 mwezi wa nane, na mpaka leo tarehe hiyo ni sikukuu kwa watu wa tabaka lile. Halafu ndege wakaanza kufa kwa wingi, sababu ikiwa minyoo ya tumboni. Iliundwa kamati ya uchunguzi chini ya Lord Lovat, na ripoti yake ya 1911 ikashauri, pamoja na mengine, kuchoma vipande vidogo kwa mzunguko. Yaani mnavyoona viraka vile, nyuma yake kuna zaidi ya miaka 100 ya sayansi iliyofanya kazi kwa ajili ya ndege mmoja.

Siku ya kuwinda yenyewe, mwindaji hatembei. Anasimama kwenye maficho ya mawe yaliyozama nusu ardhini, pamoja na wenzake kwenye mstari. Upande wa pili kundi la watu linakuja likipeperusha bendera na kupiga kelele, ndege wanaruka kuelekea kwenye bunduki. Wengi wa hao wapiga kelele ni watu wa vijiji vya pale na wanafunzi wanaotafuta pesa ya msimu. (Wanafunzi ni wanafunzi, popote duniani.) Mwenye bunduki analipa maelfu ya pauni kwa siku moja.

Mpaka hapo nilikuwa bado na hasira yangu, na iko tamu. Matajiri wanachoma mlima ili wapige ndege, babu anachoma ili apande mihogo, halafu mbuzi wa babu njo wanakamatwa. Kisha nikafika kwenye habari ya kile kilicho chini ya briyeri.

Chini yake, sehemu nyingi, hakuna udongo kama tunaoujua sisi watu wa Katanga, ule mwekundu. Kuna turbe. Ni majani yaliyokufa miaka mia na maelfu, na kwa sababu mahali pamejaa maji na baridi, hayakuoza mpaka mwisho. Yamelaliana, yamebanana, yamekuwa kitu cheusi laini ambacho ukikikausha kinawaka kama makala. Watu wa kule walikitumia kupikia na kuota moto tangu zamani. Kinachokijenga hasa ni mmea mmoja laini unaofyonza maji kama sponji, unaitwa sfagnamu. Turbe inakua kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa mwaka. Fanya hesabu: mita moja ni miaka 1000. Uingereza na Skotlandi pamoja na wenzao wana turbe kwenye zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nchi yote, na ndani yake kuna kama tani bilioni 3 za kaboni, ambayo inabaki mahali pake ikiwa tu maji yanabaki mahali pake.

Hapo njo ugomvi unaanzia, na hapo njo TFC yangu ilianza kunuka moshi.

Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds lilichunguza mabonde 10 ya mito, 5 yanayochomwa na 5 yasiyochomwa, wakatoa matokeo mwaka 2014. Walisema kwamba kwenye turbe iliyochomwa, maji ya ndani ya ardhi yalishuka chini zaidi, sfagnamu ilipungua, na wadudu wa mtoni hawakuwa wa aina nyingi kama kwenye mabonde mengine. Maji yakishuka, hewa inaingia, turbe inaanza kuoza, na kaboni iliyokaa toka zamani inaondoka, nyingine hewani, nyingine ndani ya mto. Watu wa mji mdogo wa Hebden Bridge, ambao mafuriko yaliwaingilia majumbani baada ya Noeli ya 2015, walikuwa tayari wanaunyooshea kidole mlima wa grausi ulio juu yao: walisema mlima uliokaushwa na kuchomwa unamwaga maji haraka badala ya kuyashika.

Wenye milima wakajibu, na msifikiri walijibu kwa kelele tu. Walikuwa na watafiti wa upande wao wa hoja, na hoja zenyewe si za kutupa. Ya kwanza: mabonde yale 10 hayakufanana tokea mwanzo, kwa mvua, kwa urefu wa mlima, kwa udongo. Ukilinganisha mahali na mahali, utajuaje kwamba tofauti imeletwa na moto? Nilipofika hapo niliona haya, sababu TFC yangu ililinganisha vijiji viwili namna ile ile, na jury hakuna aliyeniuliza. Watu wa Leeds walijitetea, barua zikapigana kwenye majarida, na kila upande ukaanza kuuliza mwenzake analipwa na nani.

Mtafiti wa York, Andreas Heinemeyer, alichukua njia nyingine: mahali patatu, na kila mahali anachoma kipande, anakata kipande kwa mashine, anaacha kipande bila kukigusa, halafu anapima kwa miaka mingi. Alichokikuta kinakera pande zote. Briyeri iliyozeeka bila kuguswa nayo inakunywa maji mengi na inaweza kuikausha turbe. Ukikata kwa mashine, majani yaliyoanguka yanaoza polepole na kutoa kaboni yake kwa miaka. Moto unatoa kaboni siku moja, kisha briyeri changa inaanza kuivuta tena. Wapinzani wake wanasema miaka 10 ni kidogo mno kuhukumu kitu kinachokua milimita moja kwa mwaka. Wana haki.

Hoja ya pili ya wenye milima ndiyo iliyonishika muda mrefu zaidi, juu ni ile ile ya babu. Wanasema: usipochoma wewe wakati wa baridi, moto utakuja wenyewe wakati wa joto. Mwezi wa sita 2018, kwenye nyika ya Saddleworth karibu na Manchester, moto uliwaka siku nyingi mpaka wanajeshi karibu 100 wakaitwa kusaidia, na watu wakahamishwa majumbani. Moto wa namna hiyo hauko baridi. Unashuka ndani ya turbe, unatambaa chini kwa chini bila ndimi, unazimwa hapa unatokea pale. Mlinzi wa mawindo anakuambia: mimi ningekuwa nimepunguza kuni zile wakati wa baridi, haya yasingetokea.

Inaonekana wazi, siyo? Mimi ilinishawishi kabisa kwa wiki moja hivi. Halafu nikasoma jibu la wapinzani, na ni jibu la subira. Wanauliza: hizo kuni zimetoka wapi? Nyika yenye turbe nzima, iliyojaa maji, haiwi na briyeri kila mahali. Inakuwa na sfagnamu, mabwawa madogo, majani ya majimaji. Briyeri inatawala pale ambapo pamekaushwa. Na milima ile ilikaushwa kwa makusudi: baada ya vita vya pili vya dunia serikali yenyewe ilitoa pesa ya kuchimba mifereji ili pafae kondoo. Mfereji ulikausha, moto ulirudia, briyeri ikapanda, na sasa tunaambiwa moto unahitajika ili kupunguza briyeri. Dawa yao ni kuziba mifereji, kupanda tena sfagnamu, kungoja maji yarudi. Ardhi iliyolowa haina haja ya kuchomwa ili isiungue.

Mimi nafikiri jibu hilo ni la kweli kwa mwisho wa safari, na la wenye milima ni la kweli kwa katikati ya safari. Kuziba mifereji leo hakurudishi maji kesho. Ni miaka, pengine makumi. Katikati hapo kuna kiangazi kibaya na mlima mkavu wenye briyeri ndefu, na mtu lazima aamue. Sioni kama ni busara kumcheka yule anayeogopa kiangazi hicho. Ila sioni pia kwamba hofu yake inampa ruhusa ya kuendelea miaka 100 mingine.

Serikali zao zimeamua vipi? Kwa fimbo. Nasema kweli: unachukua fimbo nyembamba, unaichoma ardhini mpaka igonge kitu kigumu, unapima. Kanuni ya Uingereza ya 2021 ilisema: kwenye maeneo fulani yaliyolindwa, turbe ikizidi sentimita 40, usichome bila ruhusa maalum. Mwaka 2025 wakashusha mpaka sentimita 30 na kupanua maeneo, kutoka hektari kama 222,000 mpaka zaidi ya 676,000. Skotlandi walipitisha sheria yao mwaka 2024, ikiweka leseni ya kuwinda grausi na leseni ya kuchoma. Watu waligombana sana bungeni juu ya sentimita 10 zile. Mnaweza kucheka, ila rudini kwenye hesabu: sentimita 10 ni kama miaka 100 ya turbe.

Sasa kuna habari ya ndege wengine, na hapa wenye milima mimi nashindwa kuwatetea. Kwenye nyika ya grausi kunakaa kipanga mmoja ambaye dume lake ni la kijivu, na anakula vifaranga vya grausi. Sheria inamlinda. Kwenye mji wa mpakani wa Langholm, Skotlandi, walifanya jaribio toka 1992 mpaka 1997: acheni vipanga wakae kwa amani, tuone. Kutoka jozi 2 walifika 20. Grausi wakapungua, uwindaji ule wa mstari ukasimama, na walinzi wakaondolewa. Kila mtu aliona hesabu ile, na wengine walijifunza somo ambalo halikuandikwa kwenye ripoti. Mwaka 2017 serikali ya Skotlandi ilitoa uchunguzi juu ya tai 131 waliofungwa vifaa vya satelaiti: 41 walipotea katika mazingira ya kutia shaka, wengi kwenye maeneo ya nyika za grausi. Kifaa kinafanya kazi vizuri, halafu kimya. Hakuna mzoga. Sisi watu wa Congo kimya cha namna hiyo tunakijua.

Lakini habari ya Langholm haikuishia hapo, njo maana niliipenda. Walinzi walipoondoka, mbweha na kunguru waliongezeka, na vipanga wenyewe, waliokuwa 20, walishuka tena mpaka wachache kabisa, kwa kuwa nao wanataga chini. Na kwa upande mwingine wa mpaka, Otterburn, kulifanyika jaribio la miaka 8 toka 2000: pale ambapo walinzi walipunguza mbweha na kunguru, ndege wanaotaga ardhini, wale wenye midomo mirefu iliyopinda na wenzao, walifanikiwa kulea vifaranga kama mara tatu zaidi. Kwa hiyo mtu yule yule anayeshukiwa kuua tai ndiye anayemlinda ndege mwingine ambaye nchi nzima inamlilia. Atakayekuambia jambo hili ni jepesi, muulize kama ameshasoma habari ya Langholm.

Mwaka 2021 watu wa mji ule walifanya kitu ambacho sikukitegemea. Tajiri mwenye mlima, mkuu wa ukoo wa Buccleuch, alitaka kuuza. Mji wenye watu elfu mbili na kitu ulichangisha pesa, pauni milioni 3.8 kwa sehemu ya kwanza, wakanunua. Mwaka uliofuata wakanunua sehemu ya pili. Leo wana zaidi ya hektari 4000 kama hifadhi yao wenyewe, wanarudisha maji na miti. Katika ugomvi wote ule wa fimbo, kaboni na wadudu wa mto, hapo peke yake niliona swali limeulizwa kwa sauti: mlima huu ni wa kazi gani, na nani anasema? Sayansi inaweza kukuambia ukichoma hapa maji yatashuka kiasi gani. Haiwezi kukuambia kama unataka grausi ao unataka sfagnamu. Kwa miaka 150 jibu lilitolewa na mwenye hati. Na hati zile zina historia yake: kwenye milima ya Skotlandi watu wengi waliondolewa kwa nguvu karne ya 18 na ya 19 ili kondoo waingie, kisha wawindaji. Mlinzi wa mawindo naye hana hati yoyote. Mara nyingi nyumba anayolala ni ya kazi, na kazi ikiisha nyumba inaisha. Nimesikiliza baadhi yao kwenye video. Wanaongea juu ya upepo na majani kama babu.

Turudi nyumbani kidogo, sababu hapa kuna uhusiano ambao siwezi kuuruka. Ng'ambo ya mpaka wetu, Ndola, Zambia, mwaka 1933 walianza jaribio kwenye msitu wa miombo, msitu ule ule wa kwetu Katanga. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu kimekauka. Kingine kilichomwa mapema, majani yakiwa nusu mabichi. Cha tatu hakikuguswa. Matokeo yalichapishwa na Trapnell mwaka 1959. Moto wa mwisho uliumaliza msitu, ukageuka kuwa majani na miti michache migumu. Kisichoguswa kilinenepa kikawa msitu mzito. Na kile cha moto wa mapema, miti ilibaki hai. Moto wa mapema: njo moto baridi wa Waingereza, kwa jina lingine. Na udongo wa miombo ni udongo kweli kweli, mwekundu, hauwaki. Babu anachoma mwezi wa tano. Makala hiyo ilikuwa kwenye bibliografia yangu. Niliiweka pale bila kuisoma, nawaambieni ukweli.

Ila msichukue hayo mkapeleke Mbandaka. Mwaka 2017 watafiti, nao wa Leeds kwa sehemu kubwa, walionyesha kwamba chini ya misitu ya maji ya Cuvette kuna turbe kubwa kuliko zote za tropiki. Hesabu mpya ya 2022, ambayo Corneille Ewango wa Kisangani alishiriki, inasema kilomita za mraba 167,600 na kama tani bilioni 29 za kaboni, theluthi mbili ya eneo iko kwetu upande wa Kinshasa. Ile ya Uingereza inaingia ndani yake mara tisa. Bado imelowa. Kinachoweza kuikausha ni mifereji, barabara, visima vya mafuta. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa maeneo ya mafuta, mengine yakigusa turbe ile, na mwezi wa kumi 2024 ikaufuta. Waingereza walichimba mifereji yao kwanza, wakaanza kupima kwa fimbo baadaye.

Mwezi wa tano uliopita nilishuka Kasenga na TFC yangu ndani ya mfuko. Nikamsomea babu ile sentensi, nimeigeuza kwa Swahili. Alinyamaza. Halafu akauliza kama mwalimu alinipa pointi nyingi. Nikasema ndiyo, nyingi. Akasema, "Basi ni muzuri, ulifauru."

Nikamweleza habari ya milima ya Waingereza. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Na ule ndege, banamukulaga?" Nikasema wanamla. Hapo akatulia, ikawa jambo la kueleweka. Kilichomshinda ni turbe. Udongo wenye kuwaka? Nikamwonyesha kwenye telefoni video ya Saddleworth, ardhi inayotoa moshi bila ndimi, na wanajeshi wenye mipira ya maji. Aliitazama mara mbili, akakaribisha telefoni kwenye macho. Akasema kwamba angekuwa na udongo wa namna ile, hata sigara asingevutia pale.

Kisha akaniomba kiberiti. Majani ya kuzunguka nyumba yalikuwa bado nusu mabichi, na upepo ulikuwa umelala.